Mwacheni Afike na Umri Wake

Wanangu mliojaaliwa vijana wa kidato cha kwanza na cha pili, najua joto mlilo nalo. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakaribia. Mwalimu wa michezo atabandika karatasi ya majina, na kati ya watoto wote wanaotamani jezi ya shule, watakaoitwa ni wachache. Anayevuka hapo anaweza kuitwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha akaonekana kwenye mashindano ya taifa. Kwa hiyo mnahangaika, na kuhangaika kwa ajili ya mtoto ni haki yenu. Ninachokiogopa mimi ni haraka, maana nimeiona ikiwamaliza watoto wenye kipaji cha kweli.

Nianze na lililo baya zaidi. Mzazi mmoja ataambiwa, "Mtoto wako anajua mpira, ila umri umempita kidogo, katengeneze cheti kingine." Mwingine ataombwa kijana wake aliyekwisha kumaliza masomo avae sare za shule asiyosoma. Kataeni. Mamluki akibainika haondoki peke yake, huondoka na wenzake waliotoka jasho kihalali. Nchi nzima ilishaonja uchungu huo pale Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walipofuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, zilizochezwa Gambia mwaka 2005, kisha wakaenguliwa kwa suala la umri, na Zimbabwe wakaenda badala yao. Mwaka 2009 FIFA nayo ikaanza kupima kifundo cha mkono kwa MRI katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo. Kipimo hicho huangalia ile sehemu laini karibu na ncha ya mfupa, inayoufanya urefuke. Ikiwa imekwisha kufunga kabisa, mtoto si wa umri ule, hata cheti chake kiwe na mihuri mingapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sehemu laini kama hiyo ipo pia gotini na kisiginoni. Kwa kijana wa miaka 13 au 14 anayerefuka kwa kasi, bado ni dhaifu. Kila anapopiga shuti au kuruka, misuli ya paja huvuta mfupa ulio chini kidogo ya goti. Mazoezi yakizidi, hapo panavimba na panauma hata kwa kuguswa. Watu wazima watasema anadeka, mchueni acheze. Hadeki. Apunguziwe mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie, na akianza kuchechemea apelekwe hospitali.

Tazameni wiki ya mtoto wenu. Mazoezi ya shule yapo, akademi ipo, Jumamosi kuna ndondo ya mtaani, na Jumapili baba anamkimbiza ufukweni ili "apate pumzi". Kila kocha anaona mazoezi yake tu. Anayeweza kuiona wiki nzima ni mzazi, na asipoiona yeye hakuna mwingine. Madaktari wa michezo wana kanuni nyepesi: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na kila wiki awe na angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Wa miaka 14 asivuke saa 14.

Mnaogopa atachelewa? Hasheem Thabeet alianza mpira wa kikapu hapa Dar es Salaam akiwa na miaka kama 15. Mwaka 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, alichukuliwa wa pili, na Memphis Grizzlies. Kimo chake kilimsaidia, sikatai, lakini hakuna aliyemchosha magoti tangu darasa la tatu.

Anachohitaji mtoto wenu kabla ya mchujo ni kitu kidogo kinachorudiwa. Mwalimu anayechuja kundi kubwa ana dakika chache kwa kila mmoja, na chenga za mbwembwe hazimdanganyi kwa muda mrefu. Anaangalia mpira unapomfikia mtoto: unatulia au unamtoroka? Anautoa kwa nani? Basi ukuta wa nyumba unatosha, dakika ishirini jioni, kulia na kushoto, na zaidi kushoto kwa anayetumia kulia. Binti wa netiboli akumbuke mpira haukai mikononi zaidi ya sekunde 3, kwa hiyo atazame mwenzake yuko wapi kabla hajaudaka. Na afundishwe kutua, magoti yakunjwe kidogo wala yasiingie ndani. Kutua vibaya hukata kano za goti, na wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana.

Kula, msitafute vya ajabu. Dagaa, maharage, mayai, mchicha, ugali na maziwa vinamtosha. Binti aliyekwisha kuvunja ungo anahitaji madini ya chuma zaidi, kwa hiyo akamulie limao kwenye mboga, na chai aisogeze mbali na mlo kwa sababu huyazuia madini hayo. Alale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni.

Kuna jambo sitalisema kwa upole. Mjue binti yenu anafanya mazoezi na nani, wapi, na anarudi na nani. Kocha anayemtaka peke yake chumbani, au anayemtumia ujumbe usiku, apelekwe polisi, tena bila vikao vya kuyamaliza kifamilia. Sheria yetu humpa miaka isiyopungua 30 jela anayembaka mtoto, na mtoto kusema alikubali hakumwokoi.

Wala msiende "kumwona" mwalimu wa michezo. Mtoto atakayeingizwa kwa bahasha atajulikana siku ya kwanza ya mazoezi, na wenzake hawatampa pasi.

Jina lake lisipotoka, msikimbilie shuleni na hasira. Mwacheni alie, mpeni chakula. Kesho yake aende mwenyewe amuulize mwalimu: "Nirekebishe nini?" Jibu aliandike kwenye daftari. Akiambiwa mguu wa kushoto hauna nguvu, jioni hiyo hiyo arudi ukutani, kidato cha tatu bado hakijafika.