Gari la Fahari na Mkono wa Mwenyewe

Kumiliki kitu na kukitawala ni mambo mawili ambayo ulimi huyafunga katika neno moja. Mtu husema, "Gari hili ni langu," na wasikiao hudhani amekwisha eleza kila jambo, kumbe ameeleza habari ya karatasi tu: jina lake limeandikwa katika kadi, kodi imelipwa, na hapana mwingine awezaye kulidai. Habari ya utawala haijatajwa bado. Wako wenye magari wasioyatawala, na wako madereva wa kuajiriwa wanaotawala magari yasiyo yao kwa ustadi ambao wenyewe hawaupati. Swali la zamani, kama ni mtu aliye na mali au ni mali iliyo na mtu, halionekani wazi mahali popote kuliko katika gari kuukuu la mbio, lililonunuliwa kwa mapenzi na si kwa haja.

Na achukuliwe kwa mfano mkazi mmoja wa Msimbu, katika wilaya ya Kisarawe. Jina lake halina lazima, maana ni mtu wa kudhaniwa. Amejaliwa kupata Porsche 911 ya mwaka 1968, yenye giaboksi iliyoitwa Sportomatic. Majirani zake hulima mihogo na kuangalia mikorosho, na safari zao ni za miguu, baiskeli na bodaboda. Gari lake ni fupi, tumbo lake li karibu na ardhi, lina viti viwili vya kweli mbele, na viwili nyuma ambavyo mtu mzima huvikalia kwa kuombwa radhi. Sheria ya kodi ya Tanzania huliongezea ushuru gari la namna hiyo likiingia nchini, kwa kuwa umri wake huhesabiwa kama dosari. Kwa mwenyewe umri huo ndio thamani yenyewe. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Bwana huyu ameupindua msemo, akapata unyemi katika kikuukuu, na kidonda chake amekubali kukiuguza.

Sportomatic ilitolewa mwaka 1967, kwa kutazamiwa zaidi wanunuzi wa Marekani, ambako magari yasiyo na klachi ya mguu yalikuwa yamezoeleka. Ndani yake hapana pedali ya klachi. Pana breki na pana mafuta. Gia ni nne, zenye alama L, D, D3 na D4, na dereva huziteua mwenyewe kwa mkono. Anaposhika mti wa gia na kuusukuma kidogo, swichi ndogo iliyofichwa chini yake huamka, ombwe litokanalo na uvutaji pumzi wa injini huivuta klachi na kuiachisha, gia huingia, mkono ukiondoka, klachi hushika tena. Kati ya injini na klachi mna chombo cha mafuta kinachopokea mzunguko wa injini na kuupisha polepole, na kwa sababu hiyo gari huweza kusimama limetiwa gia pasipo injini kuzimika. Hivyo kazi imegawanywa. Uamuzi umebaki kwa mtu, na taabu ya mguu amepewa mtumishi asiyeonekana.

Wapenzi wa magari ya mbio waliidharau. Walidai kwamba dereva aliyepumzishwa mguu ni nusu ya dereva. Dharau hiyo ilikuwa na haraka, kwa maana mwezi Agosti mwaka ule ule wa 1967 gari la Porsche lenye giaboksi hiyo lilikimbizwa kwa saa 84 katika njia ya Nürburgring, Ujerumani, mikononi mwa Vic Elford, Hans Herrmann na Jochen Neerpasch, likashinda Marathon de la Route. Na hata pasipo ushindi huo hoja yenyewe ni dhaifu. Nahodha wa jahazi hapulizi upepo, wala hapana mtu wa pwani aliyepata kumwita nusu ya nahodha kwa sababu hiyo. Mtu hupimwa kwa yale aliyobaki nayo kuyaamua, na mwenye giaboksi hii amebaki nayo mengi.

Iko dosari moja, walakini, ambayo wote waliopata kuendesha gari hili huijua, nayo ina mafundisho kuliko sifa zake. Wako madereva wenye mazoea ya kupumzisha mkono juu ya mti wa gia, wasitake kubadili kitu. Katika gari la kawaida tabia hiyo huchakaza vyuma polepole, na adhabu huja baada ya miaka. Katika gari hili adhabu ni ya papo hapo. Mkono ukilemea kidogo tu, swichi husikia amri, klachi huachia, injini hupiga kelele bure, na gari linalopanda vilima vya Pugu hupoteza nguvu katikati ya mlima na malori nyuma yake. Mtumishi huyo hana uwezo wa kupambanua mkono ulioamuru na mkono uliozoea. Hapo ndipo mwenyewe hutambua kwamba utawala una sehemu mbili, kushika na kuachia, na kwamba ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Wazazi wa watoto waliokwisha kuwa watu wazima wangeweza kufundishwa mengi na swichi ile, na wakubwa wa ofisi zaidi.

Mguu nao una habari yake. Mguu wa kushoto wa dereva mgeni, uliofunzwa miaka mingi kukanyaga klachi, hutafuta pedali isiyokuwapo na kukuta breki. Gari husimama ghafula, na aliye nyuma, aghalabu kijana wa bodaboda asiye na kofia ya chuma, hulipa. Je, kosa ni la nani? Mguu haukuamriwa, ulijiendea. Wapo watakaosema kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo nia yake haikulitaka. Lakini mazoea ya mguu ni nia za jana zilizogandamana, na aliyeketi katika gari geni akijua kwamba mguu wake una mazoea ya kale alikuwa na wajibu wa kuuweka mbali kabla ya kuwasha moto. Mashine imechukua nusu ya kazi. Nusu ya lawama haikuichukua. Kijana aliyeanguka njiani Msimbu anamdai mtu mmoja tu.

Limebaki neno la fahari. Mwaka ule ule gari hili lilipotolewa, mwezi Februari 1967, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, na viongozi wakakatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha pata jina la dhihaka kwa wakubwa wenye magari ya fahari: Wabenzi. Dhihaka hiyo ilikuwa ya haki ilipowapata waliojinunulia kwa jasho la umma. Yakini haimpati kila mwenye kitu kizuri. Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, hawakuwa matajiri, nao walichonga mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyopewa mwali alipowekwa ndani. Sanamu hiyo ilihifadhiwa kwa ajili ya mwali mwingine, na aliyekuwa nayo aliishika kwa zamu. Uzuri hauhitaji kuomba ruhusa kwa manufaa. Linaloulizwa kwa mwenye 911 ni kama anaishika kwa namna ile, au ameikamata.

Na iwe usiku wa masika. Mlango unagongwa: mwanamke jirani ameshikwa na uchungu, na hospitali iko Kisarawe mjini. Mwenye gari atazama mvua na kusema, "Gari hili haliwezi." Neno hilo lina maana mbili. Yamkini ni kweli kwamba tumbo la gari litakwama topeni, na mgonjwa atabaki njiani katika hali mbaya kuliko nyumbani. Yamkini pia haliwezi maana yake ni rangi, na viti vya ngozi. Sauti ni moja katika maana zote mbili, na jirani aliyesimama mvuani hana njia ya kuzipambanua.

Tope si geni kwa magari haya. Katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, Björn Waldegård alikuwa wa pili mwaka 1974 katika Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh, na Vic Preston Mdogo akawa wa pili mwaka 1978, katika 911 pia. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa mzee, alishinda mbio za Safari za magari ya kale pamoja na mwanawe, katika 911. Ni kweli kwamba magari hayo yaliinuliwa, yakakazwa, na mafundi wakayafuata njiani. Hata hivyo yanatosha kuondoa udhuru usiochunguzwa.

Na hapa ndipo mwenye kuficha gari lake hukwama kabla ya kufika topeni. Alitoalo Jumapili tu, likafutwa vumbi na kurudishwa bandani, hajui wala hawezi kujua kama litafika. Hata akitaka kusema kweli, hana kweli ya kusema, kwa kuwa ujuzi wa gari hupatikana njiani. Mwingine, aliyekwisha lipakia magunia ya mihogo viti vya nyuma na kuchubua mlango wake mara mbili, anajua maji ya kijito yakifika wapi hugusa tumbo la gari, na anajua kwamba katika tope hutiwa L mapema, kisha mkono huondolewa. Huyo, akigongewa mlango usiku, huuliza kwanza mvua imeanza saa ngapi.