Shura Haiishii Msikitini



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na maswahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wanahistoria wetu wanasimulia kisa cha Umar bin Khattab (r.a.) ambacho wengi mmekisikia kikitolewa kuonyesha huruma yake. Leo nataka tukitazame kwa upande mwingine. Msafara wa wafanyabiashara uliingia Madina, ukapiga kambi. Umar akamwomba Abdurrahman bin Auf wakeshe pamoja kuulinda usije ukaibiwa. Usiku akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Allah na amtazame mwanawe. Akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, mtoto bado analia. Ndipo yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hampi mtoto fungu la Baitul Mali mpaka awe ameachishwa.

Alfajiri ile Umar alisalisha watu hawakielewi kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto atapewa fungu lake tangu anapozaliwa, na akawaandikia hivyo magavana wake wote.

Tafakarini. Sera ile haikutungwa na dhalimu. Ilitungwa na Umar, na kwa hesabu ilikuwa na maana: mtoto anayenyonya chakula chake ni maziwa ya mama, fungu la nini? Kosa lake lilionekana mahali pamoja tu, pale alipolala mtoto yule. Umar alizungukwa na maswahaba wakubwa, wajuzi wa dini na wa mambo ya watu, na bado habari ile ilimfikia kutoka kwa mama msafiri.

Mawaziri wetu hapa Uganda hawatatembea usiku vijijini mwetu kusikiliza vilio, na hatuna sababu ya kuwasubiri. Ibara ya 38 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, na kushawishi sera zake kwa njia za amani. Sheria ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali tunayo tangu 2005. Mlango upo, wanaopita ni wachache.

Kila Juni tunakusanyika mbele ya televisheni, waziri wa fedha anasoma bajeti, nasi tunatoa hukumu: barabara ile imesahauliwa, zahanati ya kwetu haikutajwa. Ndugu zangu, wakati huo chakula kimekwisha kupakuliwa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, Bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei. Waraka wa mwelekeo wake unatakiwa ufike bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Na kabla ya hapo, kwa kawaida Oktoba na Novemba, wilaya huitisha mikutano ya bajeti, ambako hupelekwa vipaumbele vilivyotoka kwenye vijiji, parishi na magombolola. Anayetaka kisima aseme wakati huo.

Najua mtakachonijibu: mikutano hiyo ni soda na nauli, mambo yamekwisha kuamuliwa. Mara nyingine ni kweli, sitawadanganya. Lakini tazameni yaliyozikuta shule zetu. Ufuatiliaji wa fedha ulibaini kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi zilizotengewa. Zilizobaki ziliishia njiani, nyingi ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa zibandike ukutani kiasi kilichofika. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ya mabadiliko hayo ilitokana na matangazo yale na ipi ilitokana na hatua nyingine za serikali. Sawa, wabishane. Mzazi asiyejua kiasi kilichotumwa hana hata swali la kumuuliza mwalimu mkuu.

Wengine husema shura ni baina ya waumini, na serikali hii si ya Kiislamu. Basi na tukumbuke Hilful Fudhuul. Mtume (s.a.w.) alihudhuria mapatano yale nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an kabla ya utume, pamoja na washirikina wa Makka, ili aliyedhulumiwa apate haki yake. Na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba angeitwa kwenye jambo kama lile angeitika. Mwaka 2005 Waislamu tuliandamana Kampala kupinga muswada wa mahusiano ya ndoa na familia. Hilo tuliliona linatuhusu. Je, maji ya bomba na dawa za zahanati haviwahusu Waislamu?

Na msikate tamaa rai yenu ikikataliwa, au hata ikikubaliwa ikaleta hasara. Kabla ya Uhud rai ya Mtume ilikuwa kubaki Madina. Vijana waliokosa Badr wakataka kutoka, akawafuata. Waislamu wakapata msiba, akauawa Hamza (r.a.). Ndipo ikashuka aya ya 159 ya Aal Imran, inayomwamuru awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo.

Mkirudi makwenu likizo hii, muulizeni mwenyekiti wa LC 1 mkutano wa mipango ni lini. Msiende na maneno kwamba sisi tumesahauliwa. Kila mtu husema hivyo. Nendeni na hesabu mliyoihakiki wenyewe: visima vingapi, vinavyotoa maji vingapi, mtoto anatembea dakika ngapi. Wapelekeni na akina mama na dada, kwani wao ndio wanaobeba madumu. Mkutano wa wilaya ukiangukia wakati wa masomo, andikeni barua ya ukurasa mmoja, mzee wa kijiji aipeleke gombolola, na nakala irudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Wabillahi tawfiq.