Kaa wa Msimbazi wanatusuta

Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, nilisimama karibu na Daraja la Salenda, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, nikiwatazama kaa wadogo kwenye tope la mikoko. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, la kuwapungia majike na kuwatishia wenzake. Lakini hilo halimlishi. Anakula kwa gando dogo: anachota tope, anachuja chakula kilichomo, kisha anaacha kidonge cha tope lililochujwa. Mashimo anayochimba yanaingiza hewa ardhini, mikoko ikafaidika. Maji yakijaa, anaziba mlango wake kwa tope na kutulia ndani hadi yapwe.

Nikakumbuka Surat al-An'aam aya ya 38, ambamo Mwenyezi Mungu (SWT) anatufahamisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Umma huu wa kaa unaishi topeni na kulitengeneza. Je, sisi?

Ndugu zangu Waislamu wa Mchikichini, naanza na nafsi yangu. Mwaka mmoja, kabla ya masika, nilimlipa kijana wa mkokoteni aondoe taka nyumbani kwangu. Sikumuuliza anazipeleka wapi. Jioni, nikielekea Jangwani, nikaliona godoro langu bovu limelala ukingoni mwa mto. Nikapita kimya. Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwa majirani wa bondeni, nami nikawa miongoni mwa waliokwenda kuwapa pole na kuwaambia kuwa ni kadari ya Mungu.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani. Lakini godoro lilikuwa langu. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018 yaliletwa na mvua kubwa, na hakuna awezaye kuizuia mvua. Kuijazia taka njia ya maji, hiyo ni kazi ya mikono yetu, na Surat ar-Ruum aya ya 41 imeshatuonya juu ya uharibifu unaochumwa na mikono ya watu.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Sasa anayelipa ili udhia uhamie kwa jirani yake, ameondoa nini?

Basi kabla hujatoa pesa, muulize kijana: "Unazipeleka wapi?" Ukiona hana jibu, usimpe. Mimi nilichelewa kuuliza. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie tuwe majirani wema.

Wallahu a'lam.