Nyumba ya Kodi na Amana Iliyo Chini ya Nyayo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, huenda msomaji akastaajabu kuona karatasi hii, ambayo mazoea yake ni kunena juu ya sala na zaka na malezi ya watoto, leo yanena juu ya mbao za sakafu. Lakini dini yetu haikuacha jambo ambalo ndani yake mna haki ya mtu ila imelitia katika hukumu zake. Na wako wengi katika sisi ambao huzichunga sana rakaa zao, kisha wakitoka msikitini hudhulumiana katika kodi na vitasa na misumari.

Sababu ya maneno haya ni kwamba walitujia katika darsa yetu watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji wake, wote wawili ni watu wa safu ya mbele. Nyumba yenyewe ni katika zile nyumba za orofa za Mji wa Kale wa Mombasa ambazo juu yake mna sakafu ya mbao ngumu. Sakafu hiyo imechakaa: vanishi imetoka mlangoni na katika njia iendayo jikoni, na mahali pawili mbao zimegeuka rangi ya kijivu. Mwenye nyumba asema, "Huyu ameniharibia mali yangu, na zile fedha alizoweka dhamana siku ya kuingia sizirudishi." Mpangaji naye asema, "Nimekaa miaka 9, nimelipa kila mwezi, na hata siku moja hakuleta fundi." Na lililotuhuzunisha zaidi si zile mbao, bali ni kwamba walikuwa hawatoleani salamu, na mmoja wao amehama msikiti ili asikutane na mwenziwe. Nasi twajua kwamba Mtume wetu, s.a.w., alikataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3.

Basi tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa mafungu yake, kwani mzozo kama huu umo katika mitaa yetu mingi.

LA KWANZA: NI JUU YA NANI?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Na katika mwanzo wa Sura ya Maida ametuamrisha tutimize mapatano. Nyumba ya kodi imekusanya yote mawili. Kwa mwenye nyumba ni mapatano: ameuza manufaa ya nyumba kwa muda maalumu, na haifai kupokea thamani kisha akayazuia manufaa. Kwa mpangaji ni amana: nyumba iko mkononi mwake, wala si milki yake.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamelibainisha jambo hili zamani. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj ni katika vitabu vinavyosomeshwa katika darsa za pwani yetu, ameeleza kwamba matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye kuikodisha. Akifanya haraka kuitengeneza, basi. Na asipofanya, mpangaji ana khiyari ya kuivunja ijara. Ama kufagia taka na kuuweka safi uwanja wa nyumba, hayo ni juu ya mpangaji. Na mpangaji halipi kwa kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, bali hulipa alipopindukia mpaka au alipopuuza.

Na sheria ya nchi yakubaliana na hayo. Katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, mpangaji hutakiwa aikabidhi nyumba katika hali aliyoipokea, lakini uchakavu wa matumizi ya kawaida haukutiwa katika deni lake.

Hapa pana kosa moja lililoenea, nalo lataka kuonywa. Watu wengi hupatana hivi: "Kaa humu, na kodi yako ni kuitengeneza nyumba." Mapatano haya hayasihi kwa wanavyuoni wetu, kwa kuwa gharama ya matengenezo haijulikani, na ijara haijengwi juu ya kisichojulikana. Leo fundi atataka kidogo, kesho zitavunjwa mbao 3 na gharama itazidi, na ugomvi utaingia. Njia iliyo salama ni kwamba kodi itajwe kwa shilingi maalumu. Kisha mwenye nyumba akitaka, ampe mpangaji idhini ya kulipa fundi kwa niaba yake na kukata katika kodi, kwa kadiri iliyoandikwa na kushuhudiwa. Kuandika si kumtuhumu mtu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayotufunza kuandikiana madeni.

LA PILI: NI WAKATI GANI?

Si kila sakafu iliyofifia yahitaji kupigwa msasa. Mbao hazikui tena. Kila msasa mzito hula kiasi cha nusu milimita hata milimita nzima, na mbao zilizoungwa kwa ulimi na mfereji zina unene mchache tu juu ya ulimi ule. Kwa hivyo sakafu hupigwa msasa mara chache tu katika umri wake wote, na mwenye kuipiga bila haja amefanya israfu ya mali ambayo wajukuu wake wangeifaidi. Mti wa mvule, msaji au bambakofi huchukua miaka mingi mpaka kukomaa. Tusiugeuze vumbi kwa kutaka kung'aza macho ya wageni wa siku moja.

Basi na ijaribiwe kwanza. Tia matone ya maji katika njia ipitwayo zaidi, nawe ungoje dakika chache. Yakikaa juu kama ushanga, vanishi ingali hai. Sakafu yahitaji kuoshwa tu, na huenda ikatosha kuikwaruza kidogo na kuitia mkono mmoja wa vanishi juu. Maji yakinywewa na mbao ikawa nyeusi, kinga imeondoka, na hapo wakati wake umefika. Kwani kuchelewa ni kuyaacha maji yaingie, na mbao ikisha kuwa kijivu kazi huwa kubwa zaidi. Na ikiwa mbao yabonyea chini ya kidole cha mguu, au yatoa unga wa bungua, au kichwa cha boriti kimeoza ndani ya ukuta wa mawe, basi hilo si jambo la msasa tena. Ni jambo la kubadili mbao na kuzuia unyevu, na ni juu ya mwenye nyumba, nalo haliakhirishwi, kwani mna khatari kwa roho za watu.

Ama katika mwaka, wakati ulio bora hapa kwetu ni Januari na Februari, katika kaskazi, kabla ya mvua za masika. Vanishi iliyopakwa katika unyevu hukawia kukauka, na mara nyingine huwa na ukungu. Na bora kuliko nyakati zote ni baina ya mpangaji atokaye na aingiaye, nyumba ikiwa tupu. Ikiwa mna watu, basi wapewe khabari mapema, wajue ni siku ngapi na watalala wapi. Na insafu ni kwamba siku ambazo mpangaji amezuiwa nyumba zisihisabiwe katika kodi yake. Wala isianzwe kazi hiyo Ramadhani imekaribia, watu wakafuturu katika vumbi.

LA TATU: NI KWA NJIA GANI?

Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mja wake afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu. Na ukamilifu wa kazi hii ni huu.

Kwanza nyumba itolewe vyombo vyote, na vichwa vya misumari vizamishwe ndani ya mbao, vinginevyo vitararua msasa. Mbao zilizolegea zikazwe. Ikiwa sakafu ilikuwa ikipigwa nta, nta iondolewe yote, kwani vanishi haishiki juu ya nta. Na ikiwa ilipakwa rangi zamani, tahadhari: rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, khasa kwa watoto wadogo. Hiyo isipigwe msasa mkavu hata apatikane fundi ajuaye namna ya kuiondoa.

Kisha huanzwa na msasa mkali, wa namba 40 au 60 kwa kadiri ya ubovu, ukafuata wa 80, ukamalizwa na wa 100 au 120. Asiruke daraja, kwani mikwaruzo ya msasa mkali haifutwi na msasa laini. Aende kwa kufuata nyuzi za mbao, na mashine isisimame mahali pamoja inapozunguka, itachimba shimo. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua. Fundi afunike pua na kinywa, na madirisha yawe wazi. Vumbi lifagiliwe, kisha lipanguswe kwa kitambaa kilicho na unyevu kidogo, hata kiganja kikipita kitoke safi.

Vanishi hupakwa mikono 3 myembamba, na kila mmoja hungojewa ukauke sawasawa, kisha hukwaruzwa taratibu kwa msasa laini sana kabla ya ule ufuatao. Vanishi ya mafuta hutaka kiasi cha siku nzima baina ya mkono na mkono. Mazulia na mikeka yasitandikwe upesi. Yaachwe majuma 2 au zaidi. Na wenye kutumia mafuta ya kitani wajue kwamba vitambaa vilivyoloa mafuta hayo, vikirundikwa pamoja, huweza kushika moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe ndani ya maji.

Na fundi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofunzwa na Mtume wetu. Isiwe mwenye nyumba na mpangaji wanabishana nani alipe, na seremala anakwenda na kurudi kwa miguu yake.

Baada ya hapo, kuihifadhi ni kazi ya kila siku ya mpangaji. Kinachokula vanishi zaidi ni mchanga unaoingia na viatu; basi ada yetu ya kuvua viatu mlangoni ni hifadhi ya twahara na hifadhi ya mbao pamoja. Atokaye kutawadha akaushe miguu yake kabla ya kukanyaga mbao. Kitambaa cha kupigia deki kikamuliwe sana. Na miguu ya vitanda na makabati ivikwe vipande vya nguo, wala isiburutwe.

LA NNE: KUFICHA AIBU

Kuna mwenye nyumba ambaye mbao zake zimeoza, naye huzipaka vanishi ing'aayo ili apate kodi kubwa. Na kuna mpangaji aliyeunguza mbao kwa makaa, naye huitandika zulia juu hata siku ya kukabidhi funguo. Hawa wawili ni ndugu. Wakumbuke khabari ya Mtume wetu, s.a.w., alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya chungu ya chakula cha muuzaji, vidole vyake vikapata umaji. Akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Basi umaji ule uliofichwa chini ya nafaka kavu una tafauti gani na uoza uliofichwa chini ya vanishi?

Kwa hivyo siku ya kuingia, wote wawili waizunguke nyumba pamoja, waandike kila alama, na siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha. Na siku ya kutoka waizunguke tena na karatasi ile ile. Nusu saa hiyo yaweza kuzuia uhasama wa miaka.

Ama ndugu zetu wale wawili, tulikwenda nyumbani pamoja nao, tukamchukua seremala mtu mzima. Akatia matone ya maji: katika njia ya kupita yalinywewa. Akasema huu ni uchakavu wa nyayo za miaka. Basi msasa na vanishi vikawa juu ya mwenye nyumba. Mahali pa kwanza palipo kijivu pako chini ya dirisha ambalo bawa lake limevunjika; mpangaji alikuwa amekwisha peleka khabari mara 3, na mwenye nyumba alikiri. Hilo nalo likawa juu yake. Mahali pa pili ni pale mpangaji alipokuwa ameweka mtungi uvujao, miaka mingi, bila kuweka sinia chini. Akanyamaza, kisha akasema, "Hapa ni mimi." Mbao 2 zikawa juu yake, zikakatwa katika ile dhamana, na iliyobaki akarudishiwa.

Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa amebeba dhulma ndogo ambayo hakutaka kuitazama. Mbao zilitengenezwa kwa siku chache. Ama salamu, ilichukua muda zaidi. Lakini Ijumaa iliyofuata walionekana katika msikiti mmoja. Ni nani kati yao aliyeanza kuitoa hatutamtaja, ili ajiri yake isiingiwe na ria.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuzichunga amana zao, zilizo mikononi na zilizo chini ya nyayo, na atutoe katika nyumba hii ya dunia, ambayo sote ni wapangaji ndani yake, hali ya kuwa hatudaiwi na mtu. Amin.