Sahani na Hatia

Katika kitabu cha tatu cha maadili yake, Aristotle anamtaja mgonjwa aliyejiletea maradhi kwa kuishi ovyo na kuwapuuza waganga. Huyo, asema, ni sawa na mtu aliyekwisha kurusha jiwe: hawezi kulirudisha, ila kulirusha kulikuwa hiari yake. Hukumu hiyo ingali inasikika kila mwenye kisukari anapoulizwa, kwa sauti ya mashtaka, amekuwa akila nini. Imesimama juu ya dhana kwamba mlaji ndiye aliyechagua mlo, na dhana hiyo ilitikiswa na Anne Murcott, mwanasosholojia wa Uingereza aliyetafiti afya, tiba na chakula. Makala yake ya mwaka 1982 yalitokana na mahojiano na wanawake wajawazito wa kusini mwa Wales. Walimweleza chakula cha kweli ni kipi: nyama, viazi, mboga na mchuzi, vikiwa tayari mume anaporudi kutoka kazini. Mwanamke akibaki peke yake hakujisumbua kupika, aliokoteza chochote. Kinywa cha mume ndicho kilichoamua.

Je, basi hakuna wa kulaumiwa, na binadamu ni karagosi wa mila? La. Wanawake wale walijua wanachokifanya. Lakini Aristotle huyo huyo anamjua pia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba: anatenda kwa hiari, ingawa bahari ikiwa shwari hakuna mwenye akili angeitupa. Anayepika ili nyumba itulie yuko katika hali hiyo. Anachagua, ila anachokichagua ni ndoa, si mafuta. (Mume naye, tusimsahau, anakula alichopakuliwa.)

Daktari atasema chumvi hupandisha shinikizo la damu, apike nani. Kweli, lakini hilo ni jambo la chanzo, si la hatia. Tena vyanzo vyenyewe havikai sahanini tu. Utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967, uliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume, watu wenye ajira na mshahara. Wa ngazi za chini walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao, na sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Anayemlaumu tarishi kwa anachokula inambidi aeleze sehemu iliyobaki ilitokana na uzembe wa nani.