Kalamu Iliyoondolewa

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake. Amma baad.

Ndugu yangu Muislamu, alinijia mzazi mmoja wa huku milimani Usambara akaniuliza: «Sheikh, mwanangu ana miaka minane, hasemi ila maneno machache, wala hamtazami mtu usoni. Kwa sharia kalamu imeondolewa kwake. Basi kuna dhambi gani nikimweka nyumbani?»

Nikamjibu: Kalamu imeondolewa kwa mtoto. Nani aliyekwambia kuwa imeondolewa kwa baba?

Wanavyuoni wa madhhabu yetu hawakuliacha jambo hili gizani. Imamu Nawawi ameeleza ya kuwa ni wajibu juu ya baba na mama kumfundisha mtoto tahara, sala na saumu kabla hajabaleghe. Na ujira wa mafundisho hutoka katika mali ya mtoto, na akiwa hana mali, ni juu ya yule anayelazimika kumlisha na kumvika. Tazama basi: mtoto hana hisabu bado, na wajibu wa mzazi umekwisha kusimama. Mtoto hatakiwi asiloliweza. Lakini aliwezalo, ni haki yake kufundishwa.

Wala sisemi haya kwa kujitakasa. Zamani nalimpiga mtoto wa namna hii chuoni kwangu, kwa kuwa aliziba masikio wenziwe wakisoma kwa sauti. Nikadhani ni kiburi. Siku moja nikamkuta nje, peke yake, akiisoma polepole sura ile ile tuliyokuwa tukiirudia juma zima. Kumbe kelele ndizo zilizomuumiza, si Qur'ani! Ujinga ulikuwa wangu, na fimbo ikawa yake. Nalikwenda kumtaka radhi babake. Lakini mtoto hakurudi tena.

Ikiwa Mtume wetu (s.a.w.) alizinduliwa katika Sura Abasa kwa ajili ya kipofu aliyekuja kutaka ilimu, sisi waalimu tuna udhuru gani?

Na serikali nayo imeiandika haki hiyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto haki ya kusoma skuli pamoja na wenziwe, na kupata msaada unaomfaa. Basi kumwendea mwalimu mkuu, na akikataa kumwendea afisa elimu wa wilaya, si kuomba sadaka. Ni kudai amana ya mtoto asiyeweza kujisemea.

Hapo Irente, karibu na mji wa Lushoto, Walutheri walifungua skuli ya wasioona mwaka 1963, na mwaka 2005 skuli ya Rainbow kwa watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili. Wako wasemao: «Nitampelekaje mwanangu kwa Wakristo?» Nami nawauliza: madrasa yetu ya watoto hawa iko wapi? Ikiwa haiko, lawama ni yetu, na mtoto asiadhibiwe kwa uvivu wetu. Na asome huko, na dini yake tumfundishe sisi, kwa upole na mahali penye utulivu.

Siku ya Kiyama mtoto huyu hataulizwa kwa nini hakusoma. Utaulizwa wewe, nami nitaulizwa fimbo yangu.

Wallahu aalam.