Machozi ya Mtazamaji

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukaa barazani au ukumbini mwako usiku, watoto wamelala, ukatazama sinema ambayo ndani yake mwanamke anapigwa, au anaozwa kwa nguvu, au anauawa na watu wa kijiji chake mwenyewe. Ukasikitika, pengine ukalia. Kisha ukazima taa, na asubuhi ukanywa chai yako kama kawaida. Basi leo tuulizane: yale machozi yalimfaa nani? Je, kuionyesha dhulma ni kumtetea aliyedhulumiwa, au ni kumdhulumu mara ya pili kwa kumfanya tamasha la macho ya watu?

Usinidhanie kuwa ni adui wa sinema. Sisi watu wa pwani tumekulia nayo. Mother India ilitoka mwaka 1957, na mpaka leo wako mabibi wanaokusimulia habari ya yule mama aliyempiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuwa alimteka binti wa watu. Na binti mwenyewe ni wa yule yule mkopeshaji aliyewanyonya miaka yote. Mawaidha mengi tumeyasikia juu ya kusimamia haki hata dhidi ya jamaa zetu, lakini wako walioifahamu maana yake siku ile. Kwa hiyo sinema yaweza kufundisha. Tabu ni kwamba si kila mara inafundisha kile tunachodhani.

Chukua mfano wa Mwanza. Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ya Hubert Sauper, mtu wa Austria. Ilipigwa kando ya Ziwa Viktoria. Inaonyesha viwanda vya kukata minofu ya sangara, samaki asiyekuwamo ziwani humo asili yake bali alitiwa katika miaka ya 1950 na 1960. Inaonyesha ndege kubwa za mizigo zikipeleka minofu Ulaya, marubani wa Urusi na Ukraine wakipumzika mjini, na wasichana waliokuwa wakiwaliwaza kwa fedha. Mmoja wa wasichana hao anakaa mbele ya kamera akaimba wimbo wa kuisifu nchi yake. Anasema angependa kusoma. Baadaye twaambiwa ameuawa na mteja mgeni, na wenzake wanaonekana wakiitazama picha yake akiwa hai.

Filamu hiyo ilipata sifa nyingi, ikafika mpaka kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Sehemu ya malalamiko yao ilikuwa na haki. Habari ya silaha ndani ya zile ndege ilidokezwa zaidi kuliko kuthibitishwa, na mtazamaji wa mbali aliondoka akidhani mji mzima unaishi kwa mapanki. Lakini tazama mabishano yalivyokwenda: yalikuwa juu ya samaki, silaha na jina la nchi. Yule binti akapotea katikati. Huko Ulaya walimhesabu katika orodha ya misiba ya Afrika, na huku kwetu wakamwona kuwa ni aibu iliyotangazwa. Na lililo ajabu zaidi, mtazamaji alitoka akilaani hali ya watu wa huku, hali ya kuwa katika filamu yenyewe aliyetajwa kumuua hakutoka katika mila ya Kisukuma wala ya Kikerewe. Alikuwa msafiri mwenye fedha mfukoni.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya hoja hiyo. Huko huko Usukuma, Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi, kwani pale kuni zilipoadimika watu hupikia samadi ya ng'ombe. Bibi yangu mimi alipikia makumbi ya nazi maisha yake yote, na macho yake yalikuwa hivyo hivyo. Sisi tulimbusu mkono.

Basi je, sinema iwafuate wazee wale? Mimi sijaona filamu kubwa iliyofanya hivyo kwa haki, na naogopa nadhani najua sababu. Kamera inaupenda usiku wa panga. Lakini usiku ule ni mwisho tu wa jambo lililoanza zamani: mtoto wa jirani ameugua, mganga amelipwa akataja upande fulani, mke wa mtu kisimani akanong'ona, na tena lipo shamba la marehemu mumewe ambalo watu wanalitamani. Uvumi, husuda, kusingizia. Hayo hayana damu wala ngoma, na hayo ndiyo dhulma yenyewe. Mwenye kuona panga peke yake hutoka akisema, "Watu wale ni wakatili." Mwenye kuona mnong'ono huenda akajikumbuka yeye mwenyewe na maneno aliyoyasema jana juu ya mjane wa mtaa wa pili. Uzushi hauko ng'ambo ya ziwa tu.

Huruma peke yake nayo ina hatari yake. Mwaka 1976 serikali iliamua kuyakomesha mauaji hayo, na nia ilikuwa njema. Watuhumiwa wakakamatwa kwa wingi Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu kwa mkono wake; lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa kuwa yalitendeka chini ya dhamana yake. Pwani tunapenda kukikumbuka kisa hiki kwa ajili ya heshima yake, nasi tuna haki. Ila tusisahau upande wa pili: waliokuwa wakiwatetea wanyonge walitengeneza wanyonge wapya, na bibi vizee waliendelea kuuawa.

Msomaji anaijua Suratut Takwiir, inapomtaja mtoto wa kike aliyezikwa hai. Siku hiyo anayeulizwa ni yeye mwenyewe, auawe kwa kosa gani. Nimelifikiri sana jambo hili. Muuaji angeweza kuulizwa kwanza, au watu wa kabila lake, au mashahidi. Lakini neno anapewa yule ambaye duniani hakupewa. Sinema nyingi za dhulma zimegeuza kinyume: mwandishi wa habari anasema, mgeni anashangaa, mwanamume anatubu, na mwanamke analia tu.

Ndiyo maana mwaka 2021 Amil Shivji alipoitoa filamu ya Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, niliwaacha binti zangu waitazame, nikakaa nao. Zimo sehemu ambazo kwa maoni yangu ingekuwa bora zisingekuwamo, na nikawaambia hivyo. Lakini Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee katika Unguja ya miaka ya 1950, anakimbia kwa miguu yake, anakosea kwa akili yake, anasema kwa ulimi wake. Tulipomaliza, mkubwa akasema yule mume mzee naye amemhurumia kidogo. Mdogo akakasirika. Mama yao akauliza ni nani aliyepokea mahari na kama binti alishauriwa, na hapo mjadala ukahamia kwa shangazi yao mmoja ambaye habari zake hazijapata kuzungumzwa nyumbani kwetu. Tuliendelea mpaka usiku wa manane.